Softiboli ya vyuo Marekani: Jinsi wikendi za konferensi zinavyoamua nani atacheza mwezi Mei

Jumamosi ya tarehe 10 Mei 2025, mjini Athens, jimbo la Georgia, fainali ya softiboli ya wanawake ya konferensi ya SEC haikuchezwa. Hali mbaya ya hewa iliivuruga ratiba, waandaaji wakaifuta, na timu mbili zilizokuwa zikisubiri kuingia uwanjani, ile ya Chuo Kikuu cha Oklahoma na ile ya Texas A&M, zikatangazwa mabingwa kwa pamoja. Siku iliyofuata kamati ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini Marekani, ilitaja timu 64 zilizofuzu kwa mchujo wa taifa. Texas A&M ilipangwa nafasi ya kwanza. Oklahoma, iliyokuwa imemaliza msimu wa kawaida ikiwa kileleni mwa konferensi hiyo hiyo, ilipangwa ya pili.

Jumapili iliyofuata, tarehe 18, Texas A&M ilikwisha kutolewa. Ilitolewa katika uwanja wake yenyewe, mbele ya mashabiki wake, na Chuo Kikuu cha Liberty cha Virginia, ambacho hakikuwemo hata katika orodha ya timu 16 bora. Kabla ya siku hiyo, timu iliyopangwa ya kwanza kitaifa haikuwa imewahi kushindwa kuvuka hatua ya kanda.

Siku tisa hizo zina karibu kila kitu ambacho msomaji anahitaji ili auelewe mfumo huu: miezi miwili ya michezo ya wikendi, kamati inayokaa faraghani na kupiga hesabu, zawadi ya kucheza nyumbani, na kisha mchujo ambao unaweza kuifuta hesabu yote kwa siku tatu.

Mchezo wenyewe

Aliyecheza rounders katika shule za Kenya ataufahamu upesi. Timu mbili za wachezaji tisa tisa hupokezana: moja hupiga, nyingine hulinda. Mrushaji husimama karibu na katikati ya uwanja na kumrushia mpira mpigaji mwenye gongo. Mpigaji akiupiga vyema hukimbia kuvizunguka vituo vitatu na kurejea pale alipoanzia, na timu yake hupata pointi moja. Timu inayopiga huendelea hadi wachezaji wake watatu watolewe, kisha zamu hugeuka. Mchezo kamili una zamu saba kwa kila upande, na timu ikiongoza kwa pointi nane au zaidi baada ya zamu tano, mchezo hukatishwa ili wanaozidiwa wasiaibike zaidi.

Softiboli huelezwa mara nyingi kama besiboli ya wasichana, na maelezo hayo hayatoshi. Mpira wake ni mkubwa zaidi, mzingo wake ukiwa karibu sentimita 30. Jina lake lina maana ya mpira laini, lakini anayepigwa nao hatakubali kwamba ni laini. Mrushaji huuzungusha mkono kutoka juu hadi chini na kuuachia mpira karibu na nyonga, akiwa mita 13.1 tu kutoka kwa mpigaji, ilhali katika besiboli umbali huo ni mita 18.4. Mwezi Mei 2025 Karlyn Pickens wa Chuo Kikuu cha Tennessee aliurusha mpira kwa kasi ya maili 79.4 kwa saa, yaani kama kilomita 128, rekodi kwa mchezo huu. Kwa umbali ule, mpigaji ana chini ya nusu sekunde ya kuamua.

Urushaji wa namna hii una athari moja kubwa kwa yote yatakayofuata. Kwa kuwa mkono huachia mpira kutoka chini, mrushaji wa softiboli anaweza kurudi uwanjani mara nyingi zaidi kuliko mwenzake wa besiboli, ambaye akirusha leo hupumzika siku kadhaa. Mrushaji mmoja hodari anaweza kuibeba timu nzima wikendi nzima. Anaweza pia kuchoka katikati ya wikendi hiyo, na timu ikaporomoka naye.

Konferensi ni nini?

Neno hili lisimchanganye msomaji. Katika michezo ya vyuo vya Marekani konferensi si kongamano la watu waliovaa vitambulisho shingoni. Ni jumuiya ya vyuo vinavyocheza ligi moja, vikigawana ratiba, waamuzi na mapato ya televisheni. Watafsiri wengi huandika tu "ligi", na si vibaya, ila neno hilo huficha jambo la msingi: mashindano ya taifa hayana ligi moja. Yana konferensi zaidi ya 30 zenye nguvu zisizolingana hata kidogo, na kazi ngumu ya kila mwezi Mei ni kuzilinganisha timu ambazo hazikuwahi kukutana.

Msimu huanza Februari, wakati viwanja vya kaskazini bado vina theluji. Majuma ya mwanzo hutumika katika mashindano ya mialiko kwenye sehemu zenye joto kama Clearwater katika jimbo la Florida, jangwa la kusini mwa California, na hata Puerto Vallarta nchini Mexico. Huko timu za konferensi mbalimbali hukutana, na baadaye kamati hurejea sana kwenye matokeo hayo. Kuanzia Machi kila timu hurudi kwa wenzake wa konferensi, na hapo ndipo wikendi hupata umbo lake la kawaida: timu mbili zilezile, uwanja uleule, michezo mitatu kwa siku tatu, kwa kawaida Ijumaa hadi Jumapili.

Ushindi wa Ijumaa pekee hautoshi. Kocha humtanguliza mrushaji wake bora siku ya kwanza, humpumzisha au kumtumia kidogo ya pili, na Jumapili, matokeo yakiwa moja kwa moja, humwita tena. Wapinzani sasa wamekwisha kumwona mara mbili. Wameyajua mazoea yake, wamejua ni mpira gani anaoukimbilia akibanwa. Ndiyo maana mashabiki wakongwe wa mchezo huu huitazama Jumapili kuliko Ijumaa: Ijumaa huonyesha nani ana nyota, Jumapili huonyesha nani ana timu.

SEC, konferensi ya majimbo ya kusini-mashariki, ndiyo inayozungumzwa zaidi sasa. Ina vyuo 16, na 15 kati yake vina timu ya softiboli. Vanderbilt peke yake haina. Kila timu hucheza wikendi nane za konferensi, jumla michezo 24. Tukipiga hesabu, timu yenye wapinzani 14 watarajiwa hukutana na wanane tu na kuwakosa sita. Kwa hiyo msimamo wa konferensi hauwi haki kamili hata siku moja. Timu moja huangukiwa na ratiba ya miamba, nyingine hupitia njia nyepesi, na zote mbili husomwa katika jedwali lile lile.

Ramani ya konferensi imebadilika kuliko wakati mwingine wowote. Kwa miongo kadhaa softiboli ilitawaliwa na pwani ya magharibi. UCLA ya Los Angeles imetwaa mataji 12 ya NCAA na Arizona manane, zote zikiwa katika konferensi iliyokuja kuitwa Pac-12. Mwaka 2024 konferensi hiyo ilisambaratika kwa sababu za fedha za televisheni, hususan za mpira wa miguu wa Kimarekani. UCLA, Oregon na Washington zilihamia Big Ten, Arizona na Arizona State zikaenda Big 12, Stanford na California zikajiunga na ACC, ambayo jina lake linataja Bahari ya Atlantiki. Wakati huo huo Oklahoma na Texas ziliiacha Big 12 na kuingia SEC. Wasichana wa Los Angeles sasa wanaweza kupangiwa wikendi ya konferensi huko New Jersey, safari ya karibu kilomita 4,000, kisha wakatarajiwa kuwa darasani Jumatatu. Walioamua hivyo hawakuwa wakiifikiria softiboli, na wachezaji wa softiboli ndio wanaolala kwenye viti vya ndege.

Hesabu ya kamati

Timu inaweza kucheza hadi michezo 56 katika msimu wa kawaida. Mwisho wake kuna milango miwili ya kuingia miongoni mwa timu 64. Mlango wa kwanza ni ubingwa wa konferensi, ambao huleta nafasi ya moja kwa moja na huchukua karibu nusu ya nafasi zote. Konferensi nyingi humpata bingwa huyo kupitia mashindano mafupi ya mwanzoni mwa Mei. Mlango wa pili ni uteuzi wa kamati, ambayo huzijaza nafasi zilizobaki kwa timu inazoona zinastahili bila kujali zimetoka wapi.

Kamati hutazama mengi, lakini kwa miaka mingi kipimo kilichotajwa kuliko vingine ni kile kinachojulikana kwa herufi RPI. Kanuni yake ni rahisi. Robo ya alama hutokana na kiwango cha ushindi cha timu yenyewe, nusu hutokana na kiwango cha ushindi cha wapinzani wake, na robo iliyobaki hutokana na wapinzani wa wapinzani hao. Yaani robo tatu ya alama ya timu imo mikononi mwa watu wengine.

Tuchukue mfano wa kubuni. Timu ya kwanza imeshinda asilimia 60 tu ya michezo yake, lakini wapinzani wake wameshinda asilimia 60 ya yao, na wapinzani wa wapinzani asilimia 55. Alama yake ni 0.5875. Timu ya pili imeshinda asilimia 80, ila wapinzani wake wameshinda asilimia 45 na wapinzani wa wapinzani asilimia 48. Alama yake ni 0.545. Timu iliyopoteza mara mbili zaidi ya mwenzake imekaa juu yake. Hapo ndipo wikendi ya konferensi hupata uzito wa ajabu: kupoteza michezo miwili kati ya mitatu ugenini kwa timu bora kunaweza kuwa na madhara madogo, ilhali kushinda yote mitatu dhidi ya timu dhaifu kunaweza kusisaidie kitu.

Kwa konferensi kubwa hesabu hii hujilisha yenyewe. Timu zake zikifanya vyema Februari dhidi ya watu wa nje, zote huingia Machi zikiwa na alama za juu, na kila wikendi zinapokutana humpandisha hata anayepoteza. Mwaka 2025 timu 14 kati ya 15 za SEC ziliingia katika mchujo wa taifa, rekodi kwa konferensi moja. Missouri pekee iliachwa. Nafasi nne za kwanza katika upangaji, Texas A&M, Oklahoma, Florida na Arkansas, zote zilikuwa za SEC. Wanaoitetea hali hiyo husema konferensi hiyo ni bora kweli, na matokeo ya baadaye hayakuwapinga: timu tano kati ya nane zilizofika hatua ya mwisho zilitoka huko. Wanaoilalamikia husema timu ya konferensi ndogo haiwezi kupanda kwa kipimo kinachompa mwenye jirani tajiri alama za jirani yake. Hoja zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Kucheza nyumbani

Timu 16 bora hupangiwa nafasi ya kwanza hadi ya 16, na kila moja huandaa hatua ya kanda katika uwanja wake. Timu tatu nyingine huletwa kwake. Timu hutolewa ikipoteza mara mbili, na kwa michezo sita au saba kati ya Ijumaa na Jumapili anabaki mshindi mmoja. Washindi 16 hukutana wawili wawili juma linalofuata, anayetangulia kushinda michezo miwili husonga mbele, na hapa tena mwenye nafasi ya juu ndiye mwenyeji. Nane zinazobaki huenda Oklahoma City.

Hivyo tofauti kati ya nafasi ya nane na ya tisa si ya heshima tu. Timu ya nane, ikishinda kanda yake, ina uhakika wa kukaa nyumbani hadi safari ya Oklahoma City. Timu ya tisa inaweza kulazimika kupanda ndege baada ya juma la kwanza. Na kati ya ya 16 na inayoifuata pengo ni kubwa zaidi, kwa sababu timu hiyo inayofuata hupelekwa kwa mwingine, mara nyingi kwa miamba. Katika wikendi ya mwisho ya konferensi, mrushaji anayekosea mpira mmoja katika zamu ya saba anaweza kuwa ameihamisha timu yake kutoka kitandani kwao hadi hotelini jimbo la tatu, tena wakati wa mitihani.

Mwaka 2025 Texas A&M ilikuwa na kila faida ambayo mfumo unaweza kutoa. Liberty, iliyoivua faida hizo, inacheza katika Conference USA, konferensi ya kati isiyo na mapato ya SEC. Kocha wake ni Dot Richardson, mshindi wa dhahabu mbili za Olimpiki, ambaye mwaka 1996 katika Olimpiki ya Atlanta mpigo wake uliovuka uzio uliamua fainali, naye kitaaluma ni daktari wa mifupa. Ushindi wa timu yake haukuthibitisha kwamba kamati ilikosea. Uliwakumbusha watu kwamba kupanga timu kwa michezo 50 na kuitoa kwa siku tatu ni kazi mbili tofauti. Oregon, iliyopangwa nafasi ya 16 na ambayo ingepaswa kukutana na Texas A&M ugenini, sasa iliikaribisha Liberty nyumbani, ikaishinda, na ikafika Oklahoma City.

Oklahoma City

Hatua ya mwisho hufahamika kama Msururu wa Dunia wa Vyuo vya Wanawake, jina la majigambo kidogo kwa mashindano ya nchi moja. Yalianza mwaka 1969 mjini Omaha, jimbo la Nebraska, kabla NCAA haijaonyesha nia yoyote na michezo ya wanawake. Sheria ya mwaka 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayofadhiliwa na serikali kuu ndiyo iliyovilazimisha vyuo kufungua bajeti, na mwaka 1982 NCAA ikaanzisha ubingwa wake, UCLA ikiwa ya kwanza kuutwaa. Tangu 1990, isipokuwa mwaka 1996, mashindano yamefanyika Oklahoma City, katika uwanja ambao sasa unaitwa Devon Park.

Chuo Kikuu cha Oklahoma kiko kilomita chache tu kusini mwa jiji hilo, na chini ya kocha Patty Gasso, aliye hapo tangu msimu wa 1995, kimeufanya uwanja huo kuwa kama sebule yake. Kati ya 2023 na 2024 timu yake ilishinda michezo 71 mfululizo, rekodi ya NCAA, hadi Machi 2024 ilipofungwa na Louisiana. Kutoka 2021 hadi 2024 ilitwaa ubingwa mara nne mfululizo, jambo ambalo hakuna timu nyingine imewahi kulifanya. Mara mbili kati ya hizo, 2022 na 2024, aliyeangushwa fainali alikuwa Texas.

Mwaka 2025 mlango ulifunguka. Katika nusu fainali Texas Tech iliitoa Oklahoma kwa pointi 3 kwa 2, na fainali ikawa ya timu mbili za jimbo moja, Texas na Texas Tech, hakuna hata moja iliyokuwa na taji. Texas Tech ilikuwa imepangwa nafasi ya 12, na Texas ya sita. Texas Tech ilimtegemea NiJaree Canady, mrushaji aliyehama kutoka Stanford kwa mkataba wa zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka. Hicho kilikuwa kiwango ambacho softiboli haikuwahi kukisikia. Mjini humo alirusha kila mpira wa timu yake, mchezo baada ya mchezo, dhidi ya vyuo vilivyotumia warushaji wawili au watatu. Texas ilishinda mchezo wa kwanza wa fainali 2 kwa 1, Texas Tech ikajibu 4 kwa 3. Katika mchezo wa tatu, tarehe 6 Juni, Texas ilipata pointi tano katika zamu ya kwanza, Canady akaondolewa, na mwisho ukawa 10 kwa 4. Mia Scott wa Texas, aliyekuwa akicheza akiwa na kano ya goti iliyochanika, aliuvusha mpira uzio huku vituo vyote vikiwa na wenzake, pointi nne kwa mpigo mmoja.

Ni taji la nne tu kutwaliwa na timu ikiwa mwanachama wa SEC, baada ya Alabama mwaka 2012 na Florida mwaka 2014 na 2015. Kwa konferensi iliyopeleka timu 14 kwenye mchujo, hilo ni jambo la kutafakari: wingi wa nafasi haujawa wingi wa vikombe.

Walio nje ya hesabu

Kwa Oklahoma na Texas A&M, kufutwa kwa fainali ya Athens hakukugharimu tiketi. Zote mbili zilikuwa tayari ndani. Hali ni tofauti kabisa katika konferensi ndogo, kwa mfano SWAC, inayoundwa na vyuo vya asili vya Wamarekani weusi vya kusini. Huko kipimo cha RPI huwa hakiachi nafasi kwa uteuzi wa kamati, na bingwa ndiye peke yake anayesafiri. Miezi mitatu ya kazi inaweza kuamuliwa na mashindano ya siku chache, na timu iliyoongoza msimamo msimu mzima ikateleza mchana mmoja na kurudi nyumbani.

Kwa wachezaji wengi wa mwaka wa nne, kurudi huko nyumbani ndiko kustaafu. Soka ya wanawake au mpira wa kikapu una pa kwenda baada ya chuo. Softiboli haikuwa na pa maana kwa muda mrefu, ligi za kulipwa zikianzishwa na kufa. Ligi mpya ya AUSL ilianza Juni 2025 ikiwa na timu nne, huku ligi kuu ya besiboli ya Marekani ikiwekeza ndani yake. Timu nne zilikuwa ajira za watu wachache mno ukilinganisha na vyuo takriban 300 vinavyocheza daraja la kwanza.

Siku ile ile Texas ilipotwaa ubingwa, tarehe 6 Juni 2025, jaji wa mahakama ya shirikisho huko California aliidhinisha mapatano yanayovipa vyuo ruhusa ya kuwalipa wanamichezo moja kwa moja. Kwa softiboli mabadiliko ni makubwa. Awali chuo kilikuwa na ufadhili kamili wa masomo 12 wa kuwagawia wachezaji wote, kwa hiyo wengi walipata vipande. Sasa kwa vyuo vilivyojiunga na mfumo huo kikosi hakiruhusiwi kuzidi wachezaji 25, lakini wote 25 wanaweza kufadhiliwa kikamilifu. Chuo chenye fedha kitafanya hivyo. Chuo kisicho nazo kitaendelea kugawa vipande, na tofauti hiyo itaonekana Februari kabla ya kuonekana Mei.

Canada, Mexico na mwaka 2028

Wikendi hizi hutazamwa pia nje ya mipaka ya Marekani, kwa kuwa nchi jirani huwalea wachezaji wao humo humo. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Washington kilitwaa ubingwa kikibebwa na mrushaji Danielle Lawrie, raia wa Canada kutoka jimbo la British Columbia, aliyechaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa mwaka 2021, Canada iliishinda Mexico 3 kwa 2 na kuchukua shaba, na pande zote mbili zilikuwa na wachezaji wengi waliopitia vyuo vya Marekani. Dhahabu ilikwenda Japan, iliyoilaza Marekani 2 kwa 0, kama ilivyokuwa imeishinda pia Beijing mwaka 2008.

Mchezo uliondolewa katika Olimpiki ya Paris na utarudi Los Angeles mwaka 2028, ila hautachezwa Los Angeles. Waandaaji wameupeleka Devon Park, Oklahoma City, zaidi ya kilomita 1,800 kutoka mji mwenyeji, kwa sababu uwanja uliojengwa kwa ajili ya softiboli tayari upo pale.